Bundes-, Landes-, Reichs-: kipande cha mwanzo cha jina la taasisi ya Ujerumani humtaja mwenye taasisi

Mleta mada

Salaam, wanajukwaa.

Uzi huu unahusu namna Wajerumani wanavyoyapa majina mahakama, wizara, polisi na ofisi zao za umma, hasa vile vipande vinavyotangulia: Bundes-, Landes-, Staats-, Ober- na, kwa nyakati zilizopita, Reichs-. Nimeamua kuuandika kwa sababu taarifa zetu za habari husema "polisi wa Ujerumani" au "mahakama ya Ujerumani" na kuishia hapo, ilhali jina lenyewe kwa Kijerumani limekwisha kueleza polisi hao wanamtii nani na mahakama hiyo ni ya nani. Kwa maoni yangu kipande hicho cha mwanzo ni sheria ya katiba iliyofupishwa, na mfasiri anayekiacha huwa ameacha nusu ya habari.

Kwanza sarufi, ingawa sitakaa hapo sana. Wengi huviita viambishi awali, nami nitalitumia jina hilo kwa kuwa limezoeleka, lakini kwa hakika hizi ni nomino kamili zinazoungana na nomino nyingine. Bund ni shirikisho, na ile -es inayofuata ni alama ya kale ya umilikishi, inayofanya kazi inayokaribiana na ya kiunganishi "-a" katika Kiswahili. Tofauti kubwa iko katika mpangilio: Kijerumani huliweka neno kuu mwisho, Kiswahili huliweka mwanzo. Kwa hiyo Bundesverfassungsgericht husomwa kuanzia nyuma kwenda mbele. Gericht ni mahakama, Verfassung ni katiba, Bund ni shirikisho, na tunapata Mahakama ya Katiba ya Shirikisho, iliyopo Karlsruhe na iliyoanza kazi mwaka 1951.

Sasa tuingie katika kiini. Sheria ya Msingi ya mwaka 1949, ambayo ndiyo katiba ya Ujerumani, inaitaja nchi hiyo katika ibara ya 20 kuwa ni Bundesstaat, yaani dola la shirikisho. Leo majimbo yake ni 16, na kila moja lina katiba yake, bunge lake na serikali yake. Ibara ya 30 inayapa majimbo mamlaka yote ya dola, isipokuwa pale Sheria ya Msingi yenyewe inapoelekeza vinginevyo, na ibara ya 83 inasema kwamba hata sheria zilizotungwa na shirikisho hutekelezwa na majimbo. Kinachofuata kutokana na ibara hizo ni kwamba ofisi ya shirikisho ni jambo la pekee linalohitaji kutajwa. Bundes- si pambo la kuonyesha ukubwa. Ni tangazo kwamba hapa shirikisho limepewa, au limejichukulia kwa mujibu wa katiba, kazi ambayo vinginevyo ingekuwa ya majimbo.

Chukueni mfano wa polisi. Mtu akiibiwa nyumbani kwake Köln, wanaokuja ni polisi wa jimbo la Nordrhein-Westfalen, yaani Landespolizei, na waziri aliye juu yao ni waziri wa mambo ya ndani wa jimbo hilo mjini Düsseldorf. Akikamatwa katika ukaguzi wa pasipoti kwenye uwanja wa ndege wa Frankfurt, waliomkamata ni Bundespolizei, ambao kazi zao kuu ni mipaka, reli na viwanja vya ndege. Chombo hicho kiliitwa Bundesgrenzschutz, yaani ulinzi wa mipaka wa shirikisho, hadi kilipobadilishwa jina mwaka 2005. Katika upelelezi ipo Bundeskriminalamt yenye makao yake Wiesbaden, na kila jimbo lina Landeskriminalamt yake. Bundeskriminalamt haiwaamuru wapelelezi wa majimbo kwa kila jambo. Kwa sehemu kubwa kazi yake ni kuunganisha taarifa na kushughulikia makosa ambayo sheria imeyakabidhi kwake, kama ugaidi wa kimataifa. Mwandishi wetu anayeandika "makao makuu ya polisi ya Ujerumani" akikusudia Bundeskriminalamt anamwonyesha msomaji mfumo ambao Ujerumani haina.

Kwa mahakama mpango ni wa ngazi. Chini kabisa ipo Amtsgericht, juu yake Landgericht, kisha Oberlandesgericht, na mwisho Bundesgerichtshof ya Karlsruhe. Ngazi tatu za kwanza ni za majimbo. Ni ile ya nne pekee iliyo ya shirikisho, na jina linalisema hilo waziwazi. Ober- maana yake ni "ya juu", na huitofautisha ngazi bila kumtaja mwenye taasisi. Ndiyo maana Oberlandesgericht inahitaji vipande viwili, kimoja cha cheo na kimoja cha mwenyewe. Berlin imebakiza jina la kale, Kammergericht, kwa mahakama yake ya ngazi hiyohiyo.

Hapa upo mtego ambao nimeona unawanasa hata wanafunzi wa mwaka wa tatu: Land- na Landes- si kitu kimoja. Landes-, penye alama ya umilikishi, kwa kawaida humaanisha "ya jimbo": Landesregierung ni serikali ya jimbo, Landesverfassung ni katiba ya jimbo. Land- tupu mara nyingi hubeba maana ya zamani zaidi ya ardhi, eneo au shamba kinyume cha mji. Landkreis ni wilaya ya vijijini, na Landrat ni mkuu wa wilaya hiyo, si mkuu wa jimbo. Mkuu wa serikali ya jimbo kwa kawaida ni Ministerpräsident. Kisha linakuja jina Landtag, bunge la jimbo, lisilo na -es, nalo linaivunja kanuni niliyoitaja. Majina haya yalizaliwa katika karne tofauti na hakuna aliyeyapanga kwa pamoja, kwa hiyo hili ni la kukariri.

Bayern nayo ina namna yake. Kwa kuwa hujiita Freistaat, yaani dola huru, serikali yake ni Staatsregierung, serikali ya dola, na wizara zake ni Staatsministerien. Sachsen hufanya vivyo hivyo kwa serikali yake. Thüringen pia ni Freistaat, lakini serikali yake huitwa Landesregierung. Maana ya kisheria ya majimbo haya matatu haitofautiani hata kidogo na ya mengine. Kilichopo ni kumbukumbu ya kisiasa inayotunzwa ndani ya kiambishi. Na hata Bayern yenyewe ina Landeskriminalamt, si Staatskriminalamt.

Reichs- ndiyo historia yenyewe. Tangu mwaka 1871 hadi 1945, chini ya Kaisari, chini ya jamhuri ya Weimar na chini ya Wanazi, taasisi za dola zima zilibeba neno Reich, yaani dola au himaya: Reichstag, Reichsgericht ya Leipzig, Reichsbank. Jamhuri ya Weimar ilimwondoa Kaisari lakini haikuliondoa neno. Baada ya vita Ujerumani Magharibi ilichagua Bund, neno lililokuwepo tangu Shirikisho la Ujerumani la mwaka 1815, na ambalo Bismarck mwenyewe alilibeba katika cheo chake cha Bundeskanzler, kansela wa Shirikisho la Ujerumani Kaskazini kuanzia mwaka 1867, kabla hajawa Reichskanzler, kansela wa dola la mwaka 1871.

Barabara zinaeleza mabadiliko haya vizuri kuliko hotuba. Barabara namba 1, iliyokuwa ikitoka Aachen kupitia Berlin hadi Königsberg, ilikuwa Reichsstraße 1. Nchi ilipogawanyika, sehemu ya magharibi ikawa Bundesstraße 1 na sehemu ya Ujerumani Mashariki ikawa Fernverkehrsstraße 1, yaani barabara ya masafa marefu, kwa kuwa Mashariki hapakuwa na Bund wa kutajwa. Namba haikuguswa. Baada ya muungano wa mwaka 1990 herufi F iliondolewa, na sehemu ya mashariki nayo ikaitwa B. Hadi leo dereva anaweza kumtambua mwenye barabara kwa herufi ya kwanza: B ya shirikisho, L ya jimbo, K ya wilaya, na katika Bayern St, kwa sababu ileile niliyoieleza.

Ujerumani Mashariki yenyewe ilipenda Volks-, yaani "ya umma": Volkskammer kwa bunge, Volkspolizei kwa polisi, Nationale Volksarmee kwa jeshi. Majimbo yake yalipoteza mamlaka mwaka 1952 na nafasi yake ikachukuliwa na Bezirke 14, yaani mikoa ya utawala, na hivyo Landes- ikakosa kazi. La kushangaza ni kwamba reli zake ziliendelea kuitwa Deutsche Reichsbahn hadi mwisho wa mwaka 1993, miaka mingi baada ya Reich kufa, ilhali Magharibi palikuwa na Deutsche Bundesbahn. Sababu inayotajwa sana ni kwamba haki ya kuendesha treni katika Berlin Magharibi ilihusishwa na jina hilo, na kulibadilisha kungefungua mjadala ambao serikali ya Mashariki haikuutaka.

Mchangiaji wa kwanza, yuko Leipzig kimasomo

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa somo. Naomba ufafanuzi kuhusu ofisi ambazo sisi wageni tunakutana nazo kila siku. Finanzamt (ofisi ya kodi) na Ausländerbehörde (ofisi ya wageni) hazina Bundes- wala Landes-. Je, hizo ni za nani?

Mleta mada

Ndugu yangu, umeuliza jambo lenye faida kubwa. Kanuni ya jumla ni kwamba jina lisilo na kiambishi cha mwenyewe mara nyingi ni la jimbo, la wilaya au la mji, kwa sababu huko ndiko utawala wa kawaida uliko.

Finanzamt ni ofisi ya jimbo, ingawa kodi ya mapato inayokusanya hugawanywa kati ya shirikisho, jimbo na serikali za mitaa: asilimia 42.5 kwa shirikisho, 42.5 kwa jimbo na 15 kwa mitaa. Namba yako ya utambulisho wa mlipakodi, kwa upande mwingine, imetoka Bundeszentralamt für Steuern iliyopo Bonn. Kwa hiyo barua mbili za kodi ulizonazo huenda zimetoka kwa wakubwa wawili tofauti, na ukipeleka malalamiko ya moja kwa mwingine utarudishwa.

Ausländerbehörde ni ya mji au ya wilaya unayoishi. Ndiyo maana mwenzako wa mji jirani anaweza kupewa miadi kwa utaratibu tofauti kabisa na wako, hata kama sheria ya ukaazi ni moja kwa nchi nzima. Katika Berlin ofisi hiyo tangu mwaka 2020 inaitwa Landesamt für Einwanderung, kwa kuwa Berlin ni mji na ni jimbo kwa wakati mmoja. Maombi ya hifadhi huamuliwa na Bundesamt für Migration und Flüchtlinge yenye makao Nürnberg, na pale kibali chako cha kazi kinapohitaji ridhaa ya ofisi ya ajira, ridhaa hiyo hutolewa na Bundesagentur für Arbeit, ambayo nayo iko Nürnberg. Viza uliyoombea Dar es Salaam au Nairobi ilipita kwenye ubalozi, ulio chini ya Auswärtiges Amt.

Tahadhari moja: ukimya wa jina si ushahidi wa mwisho. Hauptzollamt, ofisi kuu ya forodha, ni ya shirikisho na haina Bundes-.

Mchangiaji wa pili, mwalimu wa historia

Mleta mada, umetaja Auswärtiges Amt. Mbona wizara ya mambo ya nje haina Bundes- na haina hata neno wizara? Na kwa kuwa tuko hapo, naomba usiruke enzi ya Wajerumani kwetu.

Mleta mada

Mwalimu, maswali yako mawili yana jibu moja.

Katika dola la mwaka 1871 mwenye dhamana ya serikali alikuwa Reichskanzler peke yake. Hapakuwa na mawaziri wa Reich. Palikuwa na ofisi, yaani Ämter, na kila moja iliongozwa na Staatssekretär aliyekuwa chini ya kansela. Auswärtiges Amt ni mabaki ya utaratibu huo. Jina lilianza mwaka 1870 na limepita katika tawala zote bila kuwekewa kiambishi, ingawa kiongozi wake leo ni waziri kamili wa shirikisho.

Mambo ya makoloni yalishughulikiwa na idara ndani ya Auswärtiges Amt hiyohiyo hadi mwaka 1907, ilipoundwa Reichskolonialamt chini ya Bernhard Dernburg, ambaye mwaka huohuo alizuru Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kabla ya hapo, mtu aliyetumwa mwaka 1889 kuuzima upinzani wa Abushiri pwani, Hermann Wissmann, alikuja na cheo cha Reichskommissar. Kiambishi hicho kina uzito: hadi wakati huo pwani ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, na Reichs- ilitangaza kwamba sasa dola lenyewe limeingia. Utawala ulipokita mizizi, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa na Lindi zikawa na Bezirksamt, ofisi ya wilaya, chini ya Bezirksamtmann, na maliwali na maakida wakawa chini yake. Neno hilohilo Bezirksamt linatumika leo kwa uongozi wa kila mojawapo ya wilaya 12 za Berlin, kwa maana ya amani kabisa ya serikali ya mtaa.

Kwa mtafiti wetu hili lina matokeo ya vitendo. Majalada ya Reichskolonialamt sasa yako Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya shirikisho, Berlin-Lichterfelde, chini ya alama R 1001. Lakini kwa miongo kadhaa baada ya vita yalihifadhiwa Potsdam, Ujerumani Mashariki, katika hifadhi iliyoitwa Deutsches Zentralarchiv na baadaye Zentrales Staatsarchiv. Kitabu kilichoandikwa miaka ya 1960 na 1970 kuhusu Maji Maji kitarejelea Potsdam, na cha leo kitarejelea Bundesarchiv, ilhali karatasi ni zilezile. Mwanafunzi asiyejua jinsi viambishi hivi vinavyofuatana atadhani ni mikusanyo tofauti ya nyaraka.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, mimi ni mtu wa mpira. Bundesliga je, ni ya serikali?

Mleta mada

Hapana, ndugu. Bundesliga ilianza kuchezwa mwaka 1963 na ni mashindano ya vilabu chini ya vyombo vya soka. Hapo Bundes- inamaanisha "ya nchi nzima", kwa kuwa awali ligi za juu zilikuwa za kanda na ziliitwa Oberliga. Vyama vya kiraia navyo hutumia Bundesverband kwa ngazi ya taifa na Landesverband kwa ngazi ya jimbo. Kwa hiyo angalia pia neno la mwisho: -amt, -gericht na -ministerium ni vya dola, -verband na -liga sivyo.

Na kwa anayefuatilia siasa za Uswisi na Austria, asichukue maana ya Ujerumani na kuihamishia huko. Bundesrat ya Ujerumani ni chombo ambacho serikali za majimbo hushirikia katika kutunga sheria. Bundesrat ya Austria ni baraza la pili la bunge. Bundesrat ya Uswisi ndiyo serikali yenyewe, yenye watu saba. Neno halikubadilika hata herufi moja, na anayefasiri habari ya Bern kwa kufuata kamusi ya Berlin atawaambia wasomaji kwamba bunge limeamua jambo lililoamuliwa na serikali.

Mchangiaji wa nne, mfasiri

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini naona ugumu mmoja. Unatutaka tuandike "ya jimbo" kwa Landes-. Msomaji wa Tanzania akisikia jimbo anafikiri jimbo la mbunge. Je, si bora tukaandika mkoa?

Mleta mada

Hoja yako ni nzito, na nimeifikiria kwa muda. Ni kweli kwamba kwa Mtanzania wa leo jimbo ni mahali mbunge anakochaguliwa. Hata hivyo mkoa unapotosha zaidi, kwa sababu mkuu wa mkoa wetu huteuliwa na Rais na mkoa hauna katiba wala bunge, ilhali Ministerpräsident huchaguliwa na bunge la jimbo lake na kansela hana uwezo wa kumwondoa. Nchini Kenya neno majimbo limebeba maana ya mgawanyo wa madaraka tangu mjadala wa katiba ya mwaka 1963, na huko Landes- ikifasiriwa "ya jimbo" inaeleweka mara moja. Mashariki ya Kongo pia watu wengi husema jimbo kwa province.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kubaki na "jimbo" kwa Land, na kuandika "jimbo la uchaguzi" kwa ukamilifu pale habari inapohusu Wahlkreis, ambazo ni 299 katika uchaguzi wa Bundestag, bunge la shirikisho. Kwa Landkreis tutumie "wilaya". Pale taasisi inapotajwa mara ya kwanza, mwandishi aandike jina la Kijerumani pamoja na tafsiri kamili, kwa mfano "Landeskriminalamt, idara ya upelelezi ya jimbo la Hessen", kisha aendelee na Kiswahili pekee. Umweltbundesamt iwe "Ofisi ya Shirikisho ya Mazingira" ingawa Bundes- imekaa katikati ya jina, maana pale amt na Bundes- zimeshikamana kuwa neno moja na mada imetangulizwa mbele yao, kama ilivyo kwa Kraftfahrt-Bundesamt ya Flensburg inayotunza alama za makosa ya madereva. Wenye majina mengine yanayowatatiza wayaweke hapa tuyachambue moja moja.